Neno "Ila" na Boriti ya Delta ya Rufiji

Katika Kiswahili cha pwani lipo neno fupi linalotamkwa kila siku bila kupimwa, nalo ni ila. Husemwa kwamba fulani ni mtu mwema, ila yake ni moja tu, hasira za karibu. Waswahili wanenapo kwamba chema hakikosi ila, hawamlaumu mtu, bali wampokea pamoja na kidogo chake. Makala hii yakusudia kulieleza neno hilo kwa ajili ya mhubiri au mwinjilisti aliyetumwa Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji. Huko walio wengi ni Waislamu, na Kiswahili chao hakikutoka vitabuni. Neno la Biblia husikiwa kwanza kwa maana yake ya barazani, ndipo kwa maana ya mimbarani.

Asili ya neno ni Kiarabu, na ila ziko mbili. Ile ya kuunganisha, yenye maana ya "isipokuwa", yatokana na neno moja. Ila ya aibu ndogo yatokana na neno jingine linaloanza kwa herufi ain, ambayo sauti yake Kiswahili hakikuihifadhi hapa. Neno hilo la pili kwa Kiarabu lina maana ya ugonjwa, tena lina maana ya sababu. Wataalamu wa hadithi za Mtume hulitumia kutaja dosari iliyofichika katika hadithi ambayo kwa nje yaonekana kuwa sahihi kabisa. Mwalimu wa madrasa aweza kulijua jambo hilo, wala haifai mchungaji aliye jirani yake awe nyuma.

Jamaa za ila hazilingani nayo. Kasoro ni upungufu, yaani kile kinachokosekana ili kitu kitimie; ndiyo maana twasema saa tatu kasoro robo, na hakuna aionaye saa hiyo kuwa mbovu. Ila, kinyume chake, ni kitu kilichopo, kama waa kwenye nguo. Walakini ni neno la kuunganisha lililogeuzwa kuwa jina. Asemaye kwamba mtu fulani "ana walakini" amelikata neno katikati na kumwachia msikilizaji alimalizie mwenyewe. Kwangu mimi hilo ndilo la hatari kuliko yote, nami nitalirudia.

Ugumu waanza tufunguapo Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Katika Kutoka 12:5 mwana-kondoo wa Pasaka hana budi kuwa hana ila. Katika 1 Petro 1:19 neno hilo latumika kwa ajili ya Kristo. Na katika Waefeso 5:27 kwa ajili ya Kanisa. Hapa ila si kile kidogo kinachovumiliwa na majirani. Ni kile kinachomwondoa mnyama madhabahuni. Basi mhubiri asemapo kwamba Mungu ataka watu wasio na ila, msikilizaji wa Kibiti aweza kudhani kwamba Mungu ni mkali kuliko jirani yake, kwamba hata kigugumizi, woga, usahaulifu au uzito wa kuamka vyahesabiwa kuwa hatia. Wako waliojitenga na Meza ya Bwana kwa mawazo ya namna hii, wala hawakuwa wameasi lo lote.

Lakini liko na kosa la upande wa pili, nalo halina huruma zaidi. Delta ni mahali pa kamba na samaki, na mvuvi hutegemea mizani ya mnunuzi. Mwenye kuipunja mizani hiyo akiitwa mcha Mungu mwenye "kasoro ndogo", lugha yetu imemfunika mwizi shuka. Hiyo si ila. Ni dhambi juu ya amri ya saba, na yule aliyepunjwa yupo, ana jina na watoto.

Je, tuzipangeje basi? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, halimdai mtu aorodheshe dhambi zote, kwa kuwa haiwezekani, nalo laitegemea Zaburi 19:12. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 nayo yafundisha kwamba mbele za Mungu twakiri hata tusizozijua, bali mbele ya mchungaji zile tu tuzijuazo na kuzisikia moyoni. Kwa hiyo muungamaji hana haja ya kuchimbua ila zake zote kama achambuaye mchele. Kumi za tabia zaweza kuachwa kwa Mungu. Ile moja iliyomuumiza mwenzake yatajwa.

Mfano wa Mathayo 7:3 una faida ya pekee huku. Kwa wengi wa bara, boriti ni neno la Biblia tu. Katika delta ni mti wa mkoko uliokatwa, mzito kuliko pau na fito, mtu ajuaye uzito wake begani. Majahazi yalipeleka miti ya namna hiyo Unguja na hata Arabuni, ikabeba dari za nyumba za mawe; upana wa vyumba vile ulifuata urefu wa boriti. Kibanzi ni kijipande cha mti. Msikilizaji wa huku hahitaji kuelezwa kwa nini mwenye boriti jichoni hawezi kumtibu mwenzake. Huenda akacheka kabla mhubiri hajamaliza.

Nalirudia walakini. Kibiti ilipitia mauaji ya askari na viongozi wa vijiji mwaka 2017, na mahali palipopitwa na hofu kama ile, kumwekea mtu neno lisilomalizika si jambo dogo. Baraza la wazee lijadilipo jina la mtu, iwe kwa uzee wa kanisa au kwa marudi, mwenye kusema "ana walakini" aulizwe: walakini gani? Akijibu kwamba ni mwepesi wa maneno, hiyo ni ila, na kikao kiendelee. Akijibu kwamba alimdhulumu mjane shamba, basi mjane aitwe. Akikosa jibu, katibu asiandike kitu.