Taa Ikizimika na Kuwaka, Usikimbilie Betri

Taa ya sola inapozimika na kuwaka yenyewe, lawama huangukia betri, na familia hutumia fedha bure. Mahali kama Shelui, chini ya mlima Sekenke, penye vumbi na jua kali, cha kwanza kushukiwa kiwe kiungo cha waya. Metali hutanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku. Skrubu hulegea, kutu huingia. Katika mfumo wa volti 12, kiungo chenye ukinzani wa nusu omu kikipitisha ampea 4 hupoteza volti 2 na kutoa joto la wati 8.

Wapo watakaouliza: mbona mita inaonyesha volti kamili? Ni kwa sababu volti zimepimwa taa zikiwa zimezimwa. Washa taa zote, weka ncha za mita pande mbili za kiungo, kisha tikisa waya taratibu. Namba ikiruka, tatizo limepatikana. Kweli, betri nazo huchoka. Lakini uchovu huo huonekana kwenye nguzo za betri zenyewe, volti zikishuka mara mzigo unapowashwa. Basi tuwadai mafundi wapime kwanza, ndipo wabadilishe. Kukaza skrubu hakuhitaji mtaji. Betri mpya inahitaji.