Kasapa: maji machafu ya biashara yako yaende wapi, na kwa gharama gani

Anayefungua mgahawa, nyumba ya wanafunzi au kiosheo cha magari Kasapa, Lubumbashi, huanza kwa kutafuta ofisi itakayomruhusu kuunga bomba lake kwenye mfereji wa maji machafu wa umma. Nje ya kampasi ya chuo kikuu, mfereji huo haupo. Mabomba ya maji machafu ya Lubumbashi yalilazwa katikati ya mji enzi za Wabelgiji. Mji ukapanuka, yakabaki palepale. REGIDESO hukuletea maji safi, haiji kuyachukua yakishachafuka. Kanivo za barabarani nazo ni za mvua, na anayekuuzia ruhusa ya kumwaga humo anakuuzia upepo.

Karatasi ya kutafuta ipo, ila ni nyingine. Amri ya serikali namba 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013 inazipanga shughuli kwa makundi kulingana na hatari zake, na zilizomo katika orodha hudaiwa kibali cha uendeshaji. Majirani huulizwa maoni kabla hakijatolewa. Miradi mikubwa hupeleka tathmini ya athari kwa Agence Congolaise de l'Environnement. Usianzie hapo lakini. Jirani mwenye kisima atauliza maji yako yanaishia wapi, na usipokuwa na jibu hata faili nene halitakusaidia.

Ukitaka kujua unachokikosa, tazama Nairobi. Kampuni ya maji ya jiji huhesabu kwamba asilimia 75 ya maji uliyotumia yamerudi kwenye bomba la maji taka, inakutoza kwa kiasi hicho, na hapo umemaliza. Kanuni za Kenya za 2006 ziliruhusu miligramu 500 za BOD kwa lita, kipimo cha uchafu unaooza, katika maji yanayoingia bomba la umma. Yaliyomwagwa moja kwa moja mtoni hayakupaswa kuzidi 30. Tofauti hiyo ya 500 na 30 ni kazi anayofanyiwa mteja na mtambo wa mji. Kasapa kazi hiyo ni yako, na ndiyo unayoilipia katika kila njia iliyobaki.

Chukua mgahawa unaotumia mita 2 za ujazo kwa siku. Tuseme asilimia 80 inageuka maji machafu: mita 1.6. Tangi lililofungwa pande zote, lenye ujazo sawa na lori la vidanji la mita 10 linalolinyonya, litajaa kila baada ya siku sita hivi. Kwa siku 26 za kazi ni safari nne au tano kila mwezi, karibu hamsini kwa mwaka. Uliza bei ya safari moja, zidisha kwa hamsini, kisha linganisha na bei ya fundi wa kuchimba. Tangi huvutia kwa sababu ujenzi wake ni mdogo. Gharama yake imejificha kwenye miezi inayofuata. Mimi ningeliachia duka au ofisi yenye choo kimoja. Na mwenye lori aeleze anakwenda kumwaga wapi. Bei iliyo chini mno maana yake mara nyingi ni mto wa karibu, usiku.

Fosi septiki yenye shimo la kunyonya hugharimu zaidi siku ya kwanza, halafu hunyonywa mara chache tu, tope likijaa. Kwa mgahawa wetu, tangi la mita 6 hadi 8 za ujazo lenye vyumba viwili linatosha. Kinachoamua ni udongo. Chimba kishimo, kijaze maji, yaache yalowe usiku kucha, jaza tena asubuhi upime yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, ardhi hiyo haitakunywea. Pima Februari mvua zikiwa zimekolea. Kipimo cha Agosti ni cha kujidanganya. Shimo likae mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, cha jirani pia, na kwa viwanja vidogo vya Kasapa sharti hili peke yake huwaondoa wengi.

Fedha ya kwanza, hata hivyo, isiende kwenye shimo. Iende kwenye kutenganisha maji. Kisanduku cha kunasa mafuta chini ya sinki la jikoni, kinachochotwa kila wiki, ni matofali machache na saruji. Bila hicho mafuta yataganda kwenye kuta za shimo la kunyonya na utachimba jingine. Kiosheo cha magari ndicho kigumu zaidi: magari 20 kwa lita 150 ni mita 3 kwa siku, zenye mchanga na oili. Maji hayo yasikaribie fosi. Yapite chumba cha kutuliza mchanga, kisha kitenganisha mafuta, na yanayobaki yatumike tena kwa suuza ya kwanza. Nyumba ya wanafunzi haina mafuta mengi, ila wanafunzi 30 kwa lita 60 kila mmoja wanatumia karibu sawa na mgahawa, kwa hiyo maji ya kuogea yapewe shimo lake.

Kama umepanga kiwanja, andika kwenye mkataba nani analipa ujenzi na nani analipa vidanji. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja akijenga fosi kwa fedha zake anamjengea mwenye nyumba. Aombe ikatwe kwenye kodi kabla fundi hajashika sepetu.