FILME: NI KWELI AO NI UONGO?



Tangu mwezi wa kumi tunaangaliaka filme ndani ya sali kubwa, jumamosi mbili kila mwezi. Zimepita za zamani, zimepita za siku hizi. Na kila mara, mbele hata ya kushusha ile shuka nyeupe, wadogo wa kalasi ya kwanza wanatuuliza neno moja: "Ba yaya, ile ni kweli ao ni bongo?"

Swali ni zuri. Lakini ukijibu "kweli" umedanganya, na ukijibu "bongo" umedanganya pia. Ndiyo sababu sisi finalisti tumeomba ukurasa huu tueleze pole pole. Tena kuna shauri lingine: kiisha filme ya mwisho kulitokea mabishano makali, na wengine wanaomba sinema ya shule ikomeshwe. Tutafika hapo.

1. NAMNA FILME INAVYOFANYWA

Katika filme hakuna kitu chenye kutembea. Kuna picha zilizosimama, sawa zile za kitambulisho, lakini ni nyingi mno: 24 kwa kila sekunde. Zinapita mbio hata macho hayawezi kuziachanisha, basi tunaona mtu anatembea. Filme ya saa moja na nusu inapitisha picha karibu 130 000.

Kiisha kupiga picha kuna kazi ya pili, nayo ni kubwa: kukata na kuunga. Mfano: tunamwona mwindaji anageuza kichwa kwa woga. Picha inabadilika, tunaona simba. Sali nzima inapiga kelele: "Kimbia!" Kumbe mwindaji alipigwa picha siku yake, simba siku yake, labda katika inchi nyingine. Hawakuonana hata mara moja. Ni sisi tuliowakutanisha ndani ya vichwa vyetu.

Basi nyuma ya kila filme kuna mtu anayechagua mashine isimame wapi, nini kiingie, nini kitupwe. Kwa hiyo afazali swali la wadogo tuligawanye mara tatu: Nani anatuonyesha? Alipiga picha wapi na namna gani? Na nani hakupewa nafasi ya kusema? Tujaribu na filme tulizoziona.

2. THE AFRICAN QUEEN (1951)

Hii ni filme ya kizee, lakini wengi waliipenda. Ilifanywa na Mmarekani John Huston. Hadithi inaanza mwaka 1914, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, katika inchi ambayo leo ni Tanzania na wakati ule ilikuwa ya Wajerumani. Bwana mmoja mlevi mwenye mashua ya mvuke (Humphrey Bogart) na bibi mmoja wa misioni ya kiprotestanti (Katharine Hepburn) wanashuka mto mbaya. Wanataka kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani iliyo ziwani.

Ilipigwa wapi? Si Tanzania. Huston alileta watu wake hapa kwetu Kongo, kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ambayo reli ya kilomita 125 inaiunganisha na Kisangani. Walipiga picha pia Uganda. Na pale Bogart anaposhuka majini kuvuta mashua kwa kamba, akatoka na wale wadudu wanaonyonya damu, yale maji yalikuwa Uingereza, ndani ya studio ya London! Maji ya mito yetu waliyaogopa juu ya magonjwa.

Basi yote ni uongo? Hapana. Meli za vita za Wajerumani zilikuwako kweli juu ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha mashua mbili, Mimi na Toutou, katika inchi yetu, kwa reli, kwa njia ya msitu na kwa mto, mpaka ziwani karibu na Kalemie ya leo. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, walijizamishia wenyewe mwaka 1916. Ikainuliwa nyuma, ikapewa jina Liemba, na watu wa Kigoma wamesafiri nayo miaka mingi. Filme imebadilisha karibu kila kitu, lakini mbegu yake ilitoka katika mambo yaliyotokea.

Na nani hakupewa kusema? Hapa sisi wa korali tuliumia. Mwanzoni Wakristo weusi wanaimba kanisani, na uimbaji wao ni fujo tu, ili watazamaji wacheke. Kiisha askari wanachoma kijiji, watu wanakamatwa, na wale watu hatuwaoni tena. Filme ya dakika 105 katika Afrika, na Mwafrika karibu hasemi neno! Bogart alipata zawadi ya Oscar kwa kazi hii, na kweli anacheza vizuri. Lakini tunaweza kufurahia mashua na papo hapo kuuliza wale waimbaji walipelekwa wapi.

3. LUMUMBA (2000)

Mwenye kuifanya ni Raoul Peck, mtu wa Haiti aliyeishi Kinshasa wakati wa utoto wake. Anayecheza Lumumba ni Eriq Ebouaney, ambaye wazazi wake ni wa Cameroun. Na juu vita ilikuwa kwetu, picha zilipigwa Zimbabwe na Beira, katika Msumbiji. Mwenzetu mmoja akasimama akasema: "Lumumba si Lumumba, Kinshasa si Kinshasa, basi yote ni bongo!"

Tulimjibu hivi. Aktere ni wa kuazima, mji ni wa kuazima, lakini kifo si cha kuazima. Hotuba ya tarehe 30 Juni 1960 ilisemwa kweli mbele ya mfalme Baudouin. Lumumba aliuawa kweli tarehe 17 Januari 1961 katika Katanga pamoja na wenzake wawili, na miili yao ikaharibiwa isionekane tena, sawa filme inavyoonyesha. Mwaka ule ule wa 2000 Bunge la Ubelgiji lilianza kuchunguza jambo hili, na jino lake lilirudishiwa jamaa yake mwaka 2022. Miaka 61 kungojea jino! Wengi wetu hatukujua habari hizo mbele ya jumamosi ile.

Lakini tuangalie. Maneno ambayo watu walisemezana ndani ya chumba kilichofungwa, nani aliyaandika? Pale mwenye filme anaweka maneno kinywani mwao. Mwalimu wa historia ametuomba tuandike kwa herufi kubwa: FILME SI BUKU YA HISTORIA. Kuna mtu alitaja filme ndani ya devuare yake, na tunajua alipata pointi ngapi.

Ni vile vile kwa filme Jesus (1979) ambayo wote tumeiona tangu utoto. Inafuata Injili ya Luka, na imetiwa katika lugha zaidi ya 2000. Mwenye kucheza Yesu ni Mwingereza, Brian Deacon. Mtoto akiona picha yake anasema "ni Yesu." Hapana, ni mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

4. LA VIE EST BELLE (1987)

Hapa tulicheka mpaka mbavu zikauma. Waliifanya wawili: Mweze Ngangura, mwana wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba anacheza Kourou, mwanamuziki wa kijiji anayepanda Kinshasa na kuanza kama boyi wa nyumba. Kosa letu kwa filme hii ni moja: karibu wote wanasema Kifaransa. Nani Kinshasa anagombana na bibi yake kwa Kifaransa? Lakini namna ya kutafuta maisha, kujivunia nguo, kudanganya na kudanganywa, ile ni yenyewe kabisa. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan akafa, tarehe 24 Aprili 2016. Ndani ya filme angali kijana.

5. EXAMEN D'ÉTAT (2014)

Sasa tumefika kwa mabishano. Filme hii haina aktere. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani aliyesomea udaktari mbele ya kushika kamera, aliwafuata wanafunzi wa Kisangani waliojitayarisha kwa egzetat. Hawana pesa ya kulipa primu ya walimu, wanafukuzwa kalasini. Basi wanakusanyika katika nyumba moja, wanaiita "maquis", wanasoma pamoja usiku na mchana. Tunaona pia mambo ya haya: wanaotafuta majibu kwa njia ya wizi, wanaopeleka kalamu zao ziombewe ili ziandike zenyewe.

Usiku ule sali ilinyamaza. Kiisha maneno yakaanza. Mzee mmoja kati ya walimu wetu alisema: "Nani anafungua mlango ili majirani waone aibu ya nyumba yake? Filme kama hii inawavunja watoto moyo." Tunamheshimu, na neno lake lina uzito. Wenzetu wengine walimuunga mkono, wakisema sinema iwe ya kucheka tu, ao iachwe.

Sisi tunafikiri namna nyingine. Tupime kwa maswali yetu matatu. Nani anaonyesha? Mtoto wa mji ule ule, si mgeni aliyekuja kucheka. Alipiga picha wapi? Pale pale mambo yalipokuwa. Nani hakupewa nafasi? Hapa mzee wetu ana haki kidogo. Mashine imekaa upande wa wanafunzi. Sisi tungependa kuona pia nyumba ya mwalimu wakati wa jioni, mshahara unapochelewa na watoto wake wanangoja chakula. Tangu miaka ya 1990 mzigo wa kulipa walimu umewekwa juu ya wazazi, na ile bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi. Basi hata filme isiyo na aktere inachagua. Inatuonyesha kweli, lakini upande mmoja wa kweli.

Lakini kufunga macho si dawa. Wakati sali iliponyamaza, hatukuwa tunafikiri Kisangani. Tulikuwa tunahesabu viti. Wafinalisti wenzetu watano hawakuwako usiku ule, juu walirudishwa nyumbani jumatatu kwa ajili ya pesa. Wangekuwako, wangejiona wenyewe juu ya shuka.

6. MAOMBI YETU

Kwa Bwana Prefe na walimu, tunaomba kwa heshima:

a) Sinema isikomeshwe. Kiisha kila filme tupewe nusu saa ya kuzungumza, na mwalimu mmoja akubali kutuongoza.

b) Wale watano waruhusiwe kuazima vitabu vya bibliotheki, hata kama hawajamaliza kulipa. Mzazi mmoja amekwisha kutupa chumba karibu na shule. Tunasoma huko kila siku tangu saa kumi na mbili ya jioni. Matematika ni jumanne na ijumaa, Kifaransa jumatano. Mwenye nota safi azilete tuzinakili. Mwenye taa asiifiche.

Jumamosi ijayo, wakitukubalia, tutaangalia filme nyingine ya Hamadi, En route pour le milliard (2020). Ni habari ya watu walioumizwa Kisangani katika vita ya siku sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Wanapanda mashua kubwa kushuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Mahali pengine wanaishi maisha yao, mahali pengine wanasimama jukwaani na kuyacheza. Wadogo wa kalasi ya kwanza, safari hii ni ninyi mtakaotujibu: ni wapi wanacheza, ni wapi hawachezi, na wapi mliamini zaidi?

Kwa jina la wafinalisti,
Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita