Mmoja Uingie, Ndipo Mmoja Utoke

"Mjomba, kompyuta inayotunza pesa za mama ikibadilishwa, pesa zake zinakaa wapi?"

Hilo ndilo swali, mwanangu! Watu wazima wengi hapa Baraka wanatumiana makuta kwa simu asubuhi na jioni, na hawajawahi kuliuliza. Sogea karibu. Waite na wenzako.

Mama yako anauza mawese sokoni. Mteja wake yuko Uvira. Mteja anabonyeza simu yake kule, na hapa simu ya mama inalia: pesa imeingia. Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, na leo jambo hili halimshangazi mtu. Lakini katikati ya simu ile na simu hii kuna kazi imefanyika. Imefanywa na kompyuta. Tena si moja. Huduma kubwa za siku hizi huwa na kundi zima la kompyuta zinazogawana kazi. Na kompyuta hizo hubadilishwa mara kwa mara, wakati mwingine mchana kweupe, huku watu wanaendelea kutuma.

"Mchana? Bila kusimama?"

Bila kusimama. Twende ufukweni nikuonyeshe.

Unaziona taa za wavuvi usiku, kuanzia hapa Baraka hadi upande wa Ubwari? Kila mtumbwi una taa yake. Ndagala wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Sasa tufanye kwamba yuko mzee mmoja mwenye mitumbwi sita. Kila usiku mitumbwi sita inatoka. Kila alfajiri akina mama wanasubiri mchangani na mabeseni yao. Samaki wanashushwa, wanapimwa, hesabu inaandikwa kwenye kitabu cha mauzo kilicho nchi kavu. Kitabu hicho hakipandi mtumbwini hata siku moja. Likumbuke hilo, tutalihitaji.

Mitumbwi inachakaa. Mbao zinaoza, kalafati inatoka, maji yanaingia. Mzee anataka kuiondoa yote sita, alete mingine sita iliyo bora. Akiivuta yote nje kwa siku moja, kesho yake akina mama watarudi nyumbani na mabeseni matupu.

"Si angoje mbalamwezi, mjomba?"

Wewe ni mtoto wa ziwa kweli! Mwezi ukiwa mpevu taa haiwaiti ndagala, na wavuvi wanapumzika. Ndio wakati wa kushona nyavu na kuziba mitumbwi. Hata wenye kompyuta walifanya hivyo zamani. Mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani kwa miaka mingi. Mwezi wa Aprili 2015 ikahamishiwa Kenya, na wateja walitangaziwa mapema kwamba huduma itasimama kwa muda. Watu wakavumilia.

Ila simu haina mbalamwezi. Saa nane za usiku kuna mtu yuko hospitali, anangoja ndugu yake amtumie pesa ya dawa. Huyo utamwambia angoje mwezi? Mimi nadhani kazi hii yote ilibuniwa kwa ajili ya mtu huyo wa saa nane za usiku.

Basi mzee wetu anafanyaje? Anafuata kanuni moja: mmoja uingie, ndipo mmoja utoke.

Kwanza anashusha mtumbwi mpya majini. Haukabidhi kwa wavuvi papo hapo. Anaukagua kwanza: unavuja? Taa inawaka? Umesimama sawa? Ukiwa mzima, msimamizi wa ufukweni anaugeukia mtumbwi mmoja wa zamani na kuuambia: "Kuanzia sasa usipokee mvuvi mwingine." Hausukumi nje. Anaufunga mlango tu. Halafu wavuvi waliomo wanahama, kidogo kidogo, wanapanda mtumbwi ulio mzima. Aliyekuwa anavuta wavu anamaliza kuuvuta kwanza. Mtumbwi ukibaki mtupu, ndipo unavutwa nchi kavu. Mmoja uingie, ndipo mmoja utoke. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Hadi yote sita.

"Na akina mama?"

Akina mama wanapata ndagala kila alfajiri. Hawajui hata kwamba mitumbwi imebadilika.

Kwenye kompyuta, msimamizi yule wa ufukweni ni programu, inaitwa Kubernetes. Google waliitangaza mwaka 2014, na toleo lake la 1.0 likatoka Julai 2015. Ndiyo inayoamua kazi ipi ikae kwenye kompyuta ipi. Kompyuta ikianguka, inazichukua kazi zake na kuzianzisha kwingine. Na zile kompyuta zenyewe mara nyingi ni za kukodi. Hizo ndizo watu wanaziita kompyuta za wingu.

Kuna jambo ningependa kila mtoto wa Kiafrika alijue. Huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta, EC2, ilifunguliwa kwa watu mwaka 2006, na sehemu kubwa ya kazi ya kuiunda ilifanyika Cape Town, Afrika Kusini, na timu iliyoongozwa na Chris Pinkham. Mwaka 2020 Amazon ikafungua kituo kikubwa cha kompyuta hukohuko Cape Town. Na ndani ya kompyuta kuna madini ya tantali, yanayotoka kwenye koltani, na koltani nyingi ya dunia inachimbwa huku kwetu mashariki mwa Kongo. Jiwe la milima yetu limeshafika huko. Nataka na nyinyi mfike, kwa akili zenu.

"Mjomba, kompyuta inajisikiaje ikitolewa?"

Haya, tuiache iseme yenyewe.

"Mimi ni kompyuta ya tatu katika kundi. Jina langu ni herufi na tarakimu tupu, hakuna anayelikumbuka. Leo nimesikia mwenzangu mpya amewashwa. Amejitambulisha kwa msimamizi, amekaguliwa, amekubaliwa. Baadaye zamu yangu ikafika. Nikaambiwa: usipokee kazi mpya. Nikatii. Kisha kazi zangu zikaanza kuitwa, moja baada ya nyingine. Kila moja ikapewa sekunde 30 za kumalizia ilichoshika mkononi. Moja ilikuwa inamjibu mama mmoja aliyeuliza salio lake. Ikamjibu, ndipo ikazima. Pacha wake alikuwa ameshawashwa kwenye kompyuta nyingine. Nilipobaki mtupu, nikazimwa. Sikuondoka na senti ya mtu."

Umesikia? Haikuondoka na senti ya mtu. Sasa swali lako la kwanza limejibika. Pesa za mama hazilali kwenye kompyuta hizi. Zimeandikwa kwenye kitabu, na kitabu kiko kwenye hifadhi yake ya peke yake, tena chenye nakala. Kompyuta za kundi zinavua tu, hazitunzi samaki. Ndiyo maana zinaweza kuja na kwenda.

"Lakini kwa nini zibadilishwe? Hazijavunjika!"

Mtumbwi unaweza kuwa na tundu ambalo hulioni. Kila mwaka watu wanagundua matundu mapya ndani ya programu, mahali ambapo mwizi anaweza kupenya. Kubernetes hutoa matoleo mapya kama matatu kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa miezi 14 hivi. Baada ya hapo, likipatikana tundu, hakuna wa kuliziba. Kwa hiyo msimamizi anapandishwa toleo kwanza, hatua moja moja bila kuruka, kisha zinafuata kompyuta za kundi. Kompyuta ya kundi haitakiwi kuwa na toleo jipya kuliko la msimamizi wake.

Sasa tumefika mahali ninapopapenda kuliko pote. Nani anamwambia msimamizi haya yote? Je, kuna mtu anakaa mbele ya mashine, anabonyeza hapa, anabonyeza pale, mtumbwi wa kwanza, mtumbwi wa pili?

Wapo wanaofanya hivyo. Siku moja mtu huyo anachoka, anaruka hatua, na mitumbwi miwili inatoka kwa pamoja. Mzee wetu ana njia bora. Ana daftari.

Kwenye daftari haandiki "nenda ukashushe mtumbwi". Anaandika vile anavyotaka ufukwe uwe: mitumbwi sita. Ya aina fulani. Toleo 1.30. Isiyokuwa kazini kwa wakati mmoja isizidi mmoja. Basi. Halafu yupo karani, naye ni programu. Karani mmoja maarufu anaitwa Terraform, alitoka mwaka uleule wa 2014. Karani anasoma daftari, anautazama ufukwe, anauliza: je, kilichoandikwa na kilichopo vinafanana? Kama havifanani, anafanya vifanane.

"Kwa hiyo mzee akitaka mitumbwi mipya anafanya nini?"

Anafuta namba moja. Anafuta 1.30, anaandika 1.31. Mstari mmoja tu, mwanangu! Mstari mmoja, na kompyuta sita zinabadilika, na kama ni mia sita ni mstari uleule.

Ila karani mwenye adabu hakurupuki. Kwanza anakuonyesha mpango. Anaandika: hiki nitakiongeza, hiki nitakigeuza, hiki nitakifuta. Anahesabu vyote. Kisha anakaa kimya mpaka umwambie ndiyo. Soma mpango huo neno kwa neno. Ulitarajia kubadilisha kundi moja, na karani anasema atafuta kundi zima kisha alijenge upya? Sema hapana. Rudi kwenye daftari. Na kabla ya ndiyo yako, mwenzako naye asome, kwa sababu jicho la pili huona kilicholipita la kwanza.

"Na kama mtu akienda usiku akapigilia ubao kwenye mtumbwi bila kuandika?"

Ah! Swali la fundi hilo. Ubao ule utafaa leo. Lakini siku mtumbwi ule utakapobadilishwa, ubao utaondoka nao, kwa kuwa haumo daftarini, na mtumbwi mpya utavuja palepale. Vilevile mtu akiongeza kwa mkono mitumbwi miwili, daftari likiwa linasema sita, karani akirudi atataka kuirudisha iwe sita. Mimi nasema, na hili nalisema kwa moyo wote: usiguse mtumbwi, gusa daftari. Daftari linatunza kila badiliko, nani aliliandika na siku gani. Mambo yakiharibika mnafungua ukurasa wa nyuma, mnaona mstari uliogeuzwa.

Kuna wakati kazi inagoma kuhama. Chukua mfano wa wavuvi wawili wanaojua kazi ya wavu mmoja. Mzee ameandika: kati ya hawa wawili, mmoja lazima awe kazini muda wote. Vizuri. Lakini kama ameandika kwamba wote wawili lazima wawe kazini muda wote? Basi hakuna anayeruhusiwa kuhama, na mtumbwi wao hautoki. Kwenye makundi yanayosimamiwa na Amazon, hungojwa dakika 15. Wakikataa bado, zoezi zima linasimama, karani anarudi na ujumbe wa kosa. Ipo namna ya kuwatoa kwa nguvu. Mimi siipendi. Anayelazimisha bila kuuliza kwa nini wamegoma anaweza kumkatia mama jibu lake katikati. Mara nyingi tatizo ni namba moja iliyoandikwa vibaya, na kuisahihisha ni kazi ya dakika moja. Kisha mnaendelea: mmoja uingie, ndipo mmoja utoke.

"Mjomba, umeme ukikatika Baraka, mitumbwi hiyo inazama?"

Haizami. Haiko hapa. Kompyuta za kundi husambazwa kwenye majengo tofauti ya mji wa mbali, kila moja na umeme wake, ili jengo moja likizimika mengine yaendelee. Kitakachozimika hapa ni simu yako, au mnara unaoipeleka sauti yako. Pesa zimo kitabuni.

"Na mimi naweza kujaribu?"

Unaweza, wala huhitaji kukodi kitu. Kubernetes ni ya bure. Ipo programu ndogo inayoitwa minikube, inakupa ufukwe mzima ndani ya laptopu moja. Ukienda Fizi kwa kaka yako mwenye laptopu, mwombeni bando la intaneti siku moja, mpakue. Anzisheni mitumbwi mitatu. Wekeni kazi moja ndogo inayosema "jambo" kila ikiulizwa, iwe na mapacha watatu. Kisha mwambieni msimamizi afunge mlango wa mtumbwi mmoja na kuwahamisha waliomo, huku mmoja wenu anaendelea kuuliza "jambo, jambo, jambo" kwenye dirisha la pili. Hesabuni majibu. Jibu likikosekana hata moja, msifute kitu. Andikeni lilikosekana wakati gani, mniletee hiyo karatasi, tuitazame pamoja.