Mashine Isiyojua Kusema "Sijui"

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye elimu isiyo na mipaka. Ndugu msomaji, kutoka Mbamba Bay hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ni safari ndefu. Si ajabu basi kijana wa Mbinga au wa mwambao wa Ziwa Nyasa anayesomea sheria kuiuliza akili mnemba kwa simu yake. Hujibiwa papo hapo. Je, jibu hilo ni la kuaminiwa?

Mwezi Juni 2023, mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT.

Tuchukulie mjane wa Mbinga anayedai thumuni yake katika shamba la kahawa la marehemu mumewe aliyeacha watoto. Wakili wake akiegemea hukumu isiyokuwako, nani atamrudishia haki yake?

Imamu Shafi alisafiri hadi Madina akakaa mbele ya Imamu Malik, mwanachuoni asiyeona haya kusema "sijui". Adabu hiyo hurithiwa kwa mwalimu, mashine haina.

Wazazi, msiwanyime vijana chombo hiki. Wahimizeni kila hukumu waihakikishe katika TanzLII, hazina ya hukumu za mahakama zetu, kisha wakae na wakili mzoefu. Surat Al-Israa, aya ya 36, yatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Simu haitaulizwa.

Wabillahi tawfiq.