Kaya, Nyumba na Familia: Istilahi ya Sensa Katika Mtaa wa Huruma

Katika takwimu za idadi ya watu, maana ya istilahi huamua hesabu itakayopatikana. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi moja, yaani kaya, kwa kuuzingatia mtaa wa Huruma, Nairobi, ambako majumba mengi ya ghorofa yamegawanywa vyumba vya kupangisha.

Katika sensa ya Kenya, kaya ni mtu mmoja, au kundi la watu waishio pamoja, wanaomtambua mmoja wao kuwa mkuu na wanaoshirikiana mapishi. Undugu si sharti. Hivyo kaya si familia: mume aliyepanga chumba Huruma na mkewe aliyebaki mashambani ni familia moja, lakini ni kaya mbili. Wala kaya si nyumba: wapangaji wawili wanaochangia kodi ya chumba, kila mmoja akijipikia, ni kaya mbili chini ya paa moja. Kipimo, basi, ni chungu. Si paa wala damu.

Ugumu huanza mlangoni. Mpangaji wa Nairobi hukiita chumba chake "nyumba". Kwa Wamijikenda wa pwani, kaya ni makao ya kale ya wazee ndani ya msitu mtakatifu. Baadhi ya kaya hizo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Karani akiuliza watu wa "nyumba", atajibiwa habari za chumba. Akiuliza watu wa "kaya", huenda asieleweke.

Kosa hilo halibadili jumla ya watu, bali hubadili idadi ya kaya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika kaya 12,143,913, yaani wastani wa watu 3.9 kwa kaya. Wapangaji wetu wawili wakiandikwa kaya moja, idadi ya kaya hupungua na wastani hupanda. Apangaye makazi kwa kuhesabu kaya atadhani mahitaji ni madogo kuliko yalivyo.

Kwa hiyo istilahi na ibaki katika majedwali, ambako ndiko mahali pake. Mlangoni, swali lifaalo ni hili: "Ni akina nani hapa wapikao na kula pamoja?"