Jitu la Mto Mekong

Karpu mkubwa wa Siam, ambaye wanasayansi humwita Catlocarpio siamensis, ndiye mkubwa kuliko karpu wote duniani. Taarifa za zamani zinamtaja kufikia mita 3 na kilo 300, ingawa siku hizi anayezidi mita 1.8 ni nadra kuonekana. Makazi yake ya asili ni mito mitatu ya Asia ya Kusini-Mashariki: Mekong, Chao Phraya na Mae Klong. Ni ndugu wa mbali wa ningu na kuyu wa Ziwa Victoria, ila sura yake ni ya peke yake. Kichwa ni kikubwa kupita kiasi, kama kilichoazimwa kwa samaki mwingine, na sharubu walizo nazo kuyu yeye hana.

Anayeuona mdomo wake mpana atadhani ni mla nyama. Kumbe taya zake hazina hata jino moja. Meno yako kooni, kwenye mifupa iliyo nyuma ya matamvua, na huko ndiko chakula kinakosagwa. Kama karpu wengine, hana mfuko wa tumbo. Kilichosagwa huingia moja kwa moja kwenye utumbo. Chakula chenyewe ni mwani, viumbe vidogo vinavyoelea majini na matunda ya miti iliyozama.

Miti huzamaje? Wakati wa kiangazi samaki hawa wakubwa hukaa kwenye vilindi vya mto. Mvua zikishika kasi kuanzia mwezi Juni, Mekong hufura mpaka maji yake yakausukuma Mto Tonle Sap urudi nyuma na kulijaza ziwa la jina hilohilo nchini Kambodia. Ziwa hilo hupanuka kutoka kilomita za mraba 2,500 hivi hadi karibu 15,000, na misitu ya kandokando hugeuka malisho na maficho ya samaki wachanga. Mvua zikiisha, mto hugeuka tena, na samaki hufuata maji yanayotoka.

Njiani wanangojewa. Wavuvi wa Tonle Sap hutega nyavu ndefu zenye umbo la mfuko, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka, na matundu yake huzidi kuwa madogo kuelekea kwenye kitako. Zinalenga samaki wadogo wa kuchachushwa kwa chumvi, lakini wavu hauchagui. Samaki anayechukua miaka mingi kukomaa akinaswa angali mchanga, hajaacha kizazi. Mwaka 1964 Kambodia ilivua takriban tani 200 za jitu hili. Kufikia mwaka 2000 walionaswa walihesabika kwa vidole. Mabwawa ya umeme, kama lile la Xayaburi nchini Laos lililoanza kazi mwaka 2019, nayo yanaziba njia za samaki wanaohama.

Kambodia ilimtangaza kuwa samaki wa taifa mwaka 2005. Thailand na Vietnam zimefaulu kumzalisha, na wafugaji humkuza kwa ajili ya soko. Hata hivyo, ufugaji haurudishi mafuriko wala vilindi. Tangu mwaka 2011 orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, la mwisho kabla ya kuhesabiwa kuwa ametoweka porini.